Leicester katikati ya mji: mfalme wa parking, bata mzinga wa vigae na faini yangu

Kwanza inatamkwa Lesta. Zile herufi nyingine zimeenda wapi msiniulize mimi, shangazi aliniuliza hilo swali mara 4 tukiwa njiani M69 na sikuwa na jibu. Wengi wetu huu mji tunaujua kwa ule ubingwa wa ligi ya mpira wa 2016 wa kina Vardy na Mahrez, basi. Mi naishi Coventry, ni karibu tu kwa gari, na miaka yote hiyo Leicester nilikua naenda kununua mchele, dengu na bizari narudi zangu. Katikati ya mji nimepita mara nyingi tu ila nilichokua naona ni maduka ya simu na mvua.

Sasa shangazi alikuja kutoka Tanga kukaa wiki 6. London alishapelekwa na binamu zangu, akafika kwangu amechoka na foleni za watalii, akaniambia "mwanangu nipeleke mahali pana mambo ya zamani lakini pasiwe na ngazi". Magoti yake mabovu. Kwahiyo maoni yangu haya yachukueni hivyo, ni ya mtu aliyetembea na mzee wa miaka 68 anayetaka kukaa kila baada ya dakika 10 na ana neno la kusema kwa kila kitu.

Tulipaki sehemu ya kulipia, kampuni siitaji. Mashine haikutaka sarafu, haikutaka kadi, ikataka nipakue programu kwenye simu, programu nayo ikataka namba ya gari, barua pepe, karibu iulize na jina la babu yangu. Nikalipia masaa 4. Hilo likumbukeni.

Anzieni mnara wa saa maana barabara zote zinakutana pale na magari hayapiti, mzee anatembea bila presha. Umejengwa 1868, una sanamu 4 za watu waliokua wafadhili wa mji, mmoja kila pembe. Ukiuangalia haraka utasema mnara kama minara, ila mmoja kati ya hao wanne ni Simon de Montfort, huyu bwana ndo aliwafukuza Wayahudi Leicester karne ya 13, na leo ana sanamu na chuo kikuu kizima kina jina lake. Shangazi akamwangalia pale juu akasema "kumbe ukikaa sana juu ya jiwe watu wanasahau". Muwekeni akilini huyo Simon, tutarudi kwake.

Ushauri wangu mkubwa kwa huu mji ni mmoja, usiangalie vioo vya maduka, inua shingo. Kwakweli chini kote ni sawa na mji wowote wa Uingereza, viatu, kahawa, betting. Juu ya hapo ndo kuna vitu. Pale Gallowtree Gate kuna jengo la 1894 lililokua ofisi ya Thomas Cook, huyu mzee aliyeanzisha mambo ya safari za kikundi, na juu ya madirisha kuna picha 4 zimechongwa, kila moja na mwaka wake. Ya kwanza ni treni ya 1841, hiyo ndo safari yake ya kwanza, alipeleka watu kama 500 kutoka Leicester mpaka Loughborough kwa shilingi moja moja, wanaenda kwenye mkutano wa kupinga pombe. Yani biashara ya utalii ya dunia nzima imeanza na watu wasiokunywa wakienda kuambiana wasinywe. Na picha ya 1884 ni mto Nile, kampuni ilipopewa kazi ya kupandisha jeshi la Kiingereza kuelekea Khartoum kumuokoa jenerali wao Gordon aliyezingirwa kule. Nimesimama pale watu wananipita na mifuko yao hakuna hata mmoja anayeangalia juu.

Nikamuonyesha shangazi nikamwambia hawa 1886 serikali ya Waingereza kule India iliwapa pia kazi ya kusafirisha mahujaji kwenda Makka. Hapo ndo akachangamka. Yeye alienda Hija na wakala mmoja wa Dar na kilichompata kwenye hoteli bado anakisimulia, akasema "basi kumbe ni kwao ndo walikojifunzia". Thomas Cook mwenyewe ana sanamu nje ya stesheni ya treni, na begi na mwavuli, ukija kwa treni utamuona. Kampuni yenyewe ilikufa 2019 kama mnakumbuka, watu wakakwama likizo nchi za watu.

Mbele kidogo Granby Street kuna kitu nilikipita miaka sijui mingapi bila kukiona na sasa sielewi niliwezaje. Turkey Café, ya 1901. Kiingereza Turkey ni Uturuki na pia ni bata mzinga, basi fundi aliyechora akaamua kuchukua vyote viwili, matao ya kama kasri la sultani na juu kabisa bata mzinga mkubwa wa vigae kajitandaza mkia, bluu, kijani, njano, alafu chini kuna wengine wawili wamesimama huku na huku kama askari wa getini. Mzaha mzima wa jina moja umejengwa kwa vigae na umesimama zaidi ya miaka 120. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Picha nyingi alizorudi nazo Tanga ni za yule bata, mfalme kapewa picha 2.

Tukakaa mbele ya Town Hall. Jengo la matofali mekundu la 1876, zuri la kutulia sio la kujionyesha, na bustani ndogo katikati ina chemchemi yenye simba wenye mabawa, benchi zipo za kutosha. Nyota 5 kwa benchi peke yake. Pale nikamsimulia ile habari ya tangazo. 1972 Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la kule Uganda, Uganda Argus, kuwaambia wasije, shule zimejaa, nyumba hakuna, kwa faida yenu nendeni kwingine. Yani mtu kafukuzwa kwao anafungua gazeti anakuta mji wa mbali ambao hata hajaomba unamwambia na huku usije. Matokeo yake ni kwamba wengine ambao hawajawahi kuisikia Leicester wakaisikia hapo hapo, wakaja kwa maelfu. Leo hiyo hiyo jamii ndo mji unajisifia nayo kwenye vipeperushi vya utalii. Shangazi akakaa kimya kidogo, alafu "na yule wa kwenye jiwe alifukuza wangapi?" Simon. Nikamwambia wale walifukuzwa kweli, hawakupewa hata gazeti.

Sasa kwa mfalme. Najua ndo mnachosubiri.

Kwa ambao hamjui, Richard III alikua mfalme wa Uingereza miaka 2 tu, akauawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485 akiwa na miaka 32, mfalme wa mwisho wa Kiingereza kufia vitani. Mwili ukaletwa Leicester, watawa wakauzika kanisani kwao haraka haraka. Baadaye kanisa likavunjwa, kaburi likapotea, mji ukajengwa juu yake, mpaka mwisho ikawa ni parking ya wafanyakazi wa halmashauri. 2012 mwezi wa 8 chuo kikuu wakachimba na siku ya kwanza kabisa ya kuchimba wakagonga mifupa ya miguu. Karibu na pale kwenye lami kulikua kumepakwa herufi R. Mie sisemi kitu. Februari 2013 wakatangaza kwamba ni yeye, walipima vinasaba wakalinganisha na fundi seremala mmoja wa London, Michael Ibsen, wa ukoo wa dada yake mfalme. Na huyo huyo seremala ndo alitengeneza jeneza. Hiyo sehemu naipenda kuliko yote, miaka 500 na ushee alafu jeneza linachongwa na mtu wa damu yako.

Kituo chenyewe cha maonyesho cha Richard III kiko kwenye shule ya zamani iliyopakana na ile parking, kilifunguliwa 2014. Ni cha kulipia na sio bei ya soda, angalieni kabla hamjaenda. Chini ni habari za vita vya kugombea kiti, filamu na sauti za watu wanaongea, mi nilipotea maana kila mtu anaitwa Edward au Richard au Henry na wote ni binamu, shangazi akasema ni kama urithi wa shamba la minazi tu, usihangaike. Juu, lifti ipo, ni mambo ya uchimbaji na maabara, wameweka nakala ya mifupa yote na unaona uti wa mgongo ulivyopinda kama herufi S, na majeraha, wamehesabu 11, 9 ni ya kichwa. Hapo juu ni pazuri sana, kama una watoto wa sekondari wapeleke moja kwa moja wasipoteze muda chini.

Alafu kile chumba cha mwisho. Kidogo, kimya, taa hafifu, na sakafu ni kioo. Chini ya kioo ni shimo lenyewe, udongo ule ule, na mwanga unawaka unachora pale mifupa ilivyolala. Mtu wa kujitolea alikuwepo anaeleza taratibu. Akasema shimo lilichimbwa fupi, mwili haukuenea, ndo maana kichwa kilikutwa kimeinuka kimeegemea ukingo, na jeneza halikuwepo. Nikatafsiri. Shangazi akainama na magoti yake yale akaangalia muda mrefu. "Hawakumpima?" Nikamwambia hawakumpima. "Kaburi unapima kwa kamba, hata la maskini. Mfalme mzima." Akasoma alichosoma kimoyomoyo tukatoka. Yule mtu wa kujitolea aliniuliza amesemaje, nikamwambia, naye akasema kwa miaka yote anayofanya kazi pale watu wanaongea habari za taji na mpwa zake waliopotea, wale wana wawili wa kaka yake, hakuna aliyewahi kuuliza habari ya kamba.

Kwahiyo je ulipie? Kwa ajili ya kile chumba, ndio. Ila ukiwa na watu 5 na mfuko umebana, vuka barabara tu uende kanisa kuu, hatua chache, ndo alikozikwa upya tarehe 26 Machi 2015, na kuingia hawakudai hela, kuna sanduku la sadaka. Kaburi la sasa ni jiwe moja kubwa jeupe jeupe limechimbwa msalaba wa kina, limekaa juu ya jiwe jeusi lenye jina lake. Ukisogea karibu utaona lile jeupe limejaa vidude vidogo, mduara huku, kijiti kule, ni masalia ya viumbe wa baharini wa enzi hizo za mamilioni ya miaka. Shangazi ni mtu wa pwani, aliinama tena akasema "haya ni matumbawe", sio matumbawe kamili lakini hakukosea mbali, na mi nilikua nimeshapita nishaona jiwe tu. Kwetu Tongoni, karibu na Tanga, kuna makaburi ya karne hiyo hiyo ya 15, ya mawe ya bahari pia, na nguzo zake nyingi zimeshaanguka, hakuna kioo wala taa. Tuliongea hilo mpaka nje, siliandiki hapa maana nitaandika mpaka kesho.

Ah na wapenzi wa mpira, wakati anazikwa timu ilikua inaburuza mkia wa ligi, alafu ikashinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho, mwaka uliofuata bingwa. Kuna watu Leicester wanakuambia hii kwa uso mkavu kabisa.

Guildhall iko pembeni ya kanisa, nayo tuliingia bure, na kama mnaniuliza hapa ndo pazuri kuliko pote. Ukumbi mkubwa ni wa miaka ya 1390 hivi, mbao tupu, maboriti mazito ya mwaloni yamepinda yamekua meusi, milango mifupi nimegonga kichwa mara 2. Palikua jumba la mji mpaka 1876, na kituo cha kwanza cha polisi cha mji kilikua humu humu, vyumba vya mahabusu bado vipo unaingia, nilijifungia ndani nikatoka haraka. Juu kuna maktaba ya 1632. Shangazi alibaki chini kwa sababu ya ngazi, akakaa kwenye ukumbi peke yake na niliporudi nikamkuta ananusa nguzo. Eti inanuka kama jahazi. Nilinusa, inanuka kama jahazi kweli.

Jewry Wall nitapita haraka ingawa ni kikongwe kuliko vyote, ni kipande cha ukuta wa hamamu ya Warumi, karibu miaka 1900, kama mita 8 kwenda juu, mistari ya vigae vyekundu katikati ya mawe. Tuliangalia kwa nje tu maana muda ulikua unakwenda. Na kanisa la St Nicholas la pembeni ukiliangalia vizuri utaona vigae vile vile vya Kirumi ukutani, waliiba kwa jirani wakajengea. Kosa langu ni kuupanga huu ukuta mwisho, nyie uwekeni mapema. Malalamiko ya eneo zima hili ni barabara kubwa ya magari iliyopita hapo hapo, sijui nani miaka hiyo aliona ni wazo zuri.

Hapo tulitakiwa turudi kwenye gari. Lakini nilikua nimemuahidi shangazi hekalu la Wajaini, wale wa dini moja ya kale ya India, liko Oxford Street, na sikutaka aliote tu. Lilikua kanisa la 1865, likanunuliwa likafunikwa uso mzima kwa marumaru nyeupe za kuchongwa, likafunguliwa 1988, linatajwa kuwa hekalu la kwanza la Kijaini nchi za Magharibi. Kwenye mtaa wa kawaida kabisa wa matofali, ghafla unakuta kitu kama sukari. Wajaini wengi wa Leicester wametokea Afrika Mashariki, na hilo nililijua kwa kusoma, sikutegemea kulisikia mlangoni. Tunavua viatu tunabishana kwa Kiswahili kuhusu soksi zake, mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti akasema "Mama, viatu weka hapa, taratibu, ngazi hii mbaya kidogo".

Shangazi alishika kifua. "Kaka yangu, wewe wa wapi?"

Wa Nakuru. Kaondoka 1968, kijana. Kiswahili chake kimebaki cha mwaka ule ule, kinagongana kidogo lakini hakikwami. Aliuliza Tanga bado iko na ile machungwa ya Muheza, shangazi akamwambia ipo na mwaka huu imekubali, wakaendelea hivyo, bei za mkonge, treni, nani kafa. Mimi nikaingia ndani kuona nguzo, nguzo zimechongwa kila inchi, wacheza ngoma, maua, sina maneno, picha ndani sikupiga. Nikatoka nikawakuta bado. Ngozi msiingie nayo, mkanda wangu ulibaki nje. Ulizeni masaa ya wageni kabla hamjaenda, ni nyumba ya ibada sio makumbusho.

Chakula tulikula baadaye upande wa Belgrave Road, mtaa wa maduka na migahawa ya Kihindi, sio katikati ya mji ila ukifika Leicester bila kwenda huko umefanya nini. Kwenye menyu kuna kitu kinaitwa mogo. Shangazi akaniuliza mogo ndo nini. Ni muhogo, shangazi, ulisafiri ukapoteza herufi kama huu mji wenyewe. Wa kukaanga, pilipili na ndimu, ulikua mkavu kidogo lakini tuliagiza sahani ya pili.

Nyota zangu basi: Guildhall 5, bata mzinga 5, chumba cha kioo 5 ila kituo chenyewe kwa ujumla 4, mnara wa saa 3, Jewry Wall sina haki ya kutoa. Soko kuu sikuliweka kabisa, liko pale pale miaka kama 700 na zaidi lakini tulikuta uwanja umezungushiwa uzio wa ujenzi na wachuuzi wamesogezwa pembeni. Vaeni viatu vya kutembelea, mawe ya vichochoro vya kanisani yanateleza mvua ikinyesha, na itanyesha.

Parking nilichelewa dakika 19, zile za Nakuru. Barua ilikuja wiki 2 baadaye, pauni 100, au 60 ukilipa ndani ya siku 14, na picha ya gari langu kama la jambazi. Utani wa kwamba mfalme alipaki miaka 527 bila tiketi Waingereza wameshauchosha, siurudii. Nilimtumia shangazi picha ya barua, yuko Tanga saa hizi, akanijibu kwa sauti: "Lipa mwanangu, lipa haraka. Wale watu hawapimi."